Meno ya Urka

Rustan alimng'ata Nevena mchana kweupe, jikoni, siagi bado inayeyuka juu ya galeti, chapati nyembamba za ngano nyeusi. Alikuwa mbwa wa kuwinda, seta mkubwa wa kilo thelathini, ndiyo kwanza arudi kutoka mawindoni na Goulven, amelala chini ya meza kama alivyolala kila Jumapili tangu mtoto azaliwe. Nevena alikuwa na miaka mitatu na nusu. Alitambaa chini ya meza, akamkumbatia mbwa kiunoni, akamwegemezea kichwa ubavuni, na mara ukasikika mlio ambao mama yake, Rozenn, hakujua kama ni wa mbwa au wa mwanawe.

Alipomvuta mtoto kutoka chini ya meza, shavu la kushoto lilikuwa limefunguka. Aliyaona magego ya mwanawe kupitia mahali ambapo meno hayapaswi kuonekana.

Goulven, mumewe, alimshika Rustan kwa ngozi ya shingo akamburuta hadi uani, mbwa hakatai, amejikunyata, anajikojolea njia nzima. Bunduki ilikuwa bado garini. Rozenn alitoka mbio na mtoto aliyefungwa taulo usoni kuelekea gari lilelile, na ndipo Nevena, juu ya bega la mama yake, kwa jicho moja lililokuwa wazi, akaona. Mlio mmoja. Kisha wa pili, kwa sababu wa kwanza haukumaliza.

Nyuzi kumi na tisa. Shavu lilipona, likabaki na mstari mwekundu uliokwenda ukififia. Kisichopona kilikuwa kingine. Kutoka nyumbani kwao hadi kituo cha basi la shule ni mwendo wa dakika sita, na njiani kuna nyua nne, na kila ua una mbwa, maana Bretagne ya ndani huku, magharibi mwa Ufaransa, mbali na bahari, nyumba isiyo na mbwa ni nyumba ya wageni wa kiangazi. Kwenye ua wa kwanza Nevena alishika koti la mama yake. Kwenye ua wa pili alitapika. Ilipofika Oktoba Rozenn alikuwa anambeba mgongoni asubuhi na jioni, mtoto amefumba macho na kuziba masikio, na mwalimu wa chekechea alikwisha kuuliza kama wamefikiria kuhamia mjini.

Rozenn hakutaka mji. Yeye mwenyewe alijifunza kutembea kwa kushikilia mgongo wa mbwa wa baba yake; alipata kibali cha kuwinda kabla ya leseni ya gari. Hakuweza kukubali kwamba mwanawe aishi kwao hapa kama mtu anayejificha. Akaona dawa ni moja: mbwa mwingine. Mdogo safari hii, wa aina yao ya hapahapa, wale Wabretoni wafupi wenye mabaka ya chungwa na mkia wa kijiti, wa kutafuta ndege asubuhi na kulala jikoni jioni. Mbwa ambaye mtoto akisimama anamtazama chini, si juu.

"Umerukwa na akili," Goulven alisema.

"Labda."

"Mtoto kashonwa uso, wewe unataka kuleta meno mengine ndani."

"Nataka aache kuogopa, Goulven. Au utambeba wewe mpaka aolewe?"

Walibishana siku nne. Ya tano Goulven aliweka bakuli lake la kahawa chini, akatoa masharti polepole bila kumtazama mkewe. Rozenn achague mwenyewe. Goulven hataki hata kwenda kumwona. Lakini mbwa huyo akimwuma mtu yeyote, mara moja tu, si mbili, atammaliza palepale, na Rozenn hatasimama katikati.

"Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," Rozenn alisema.

Mjomba wa mama yake, mzee Tudual, alikuwa amezalisha mbwa hao karibu na mji wa Callac kwa miaka arobaini. Walikuwa wamembakia wawili wa uzao mmoja, wa mwaka na nusu, kaka na dada. Wafugaji huwapa mbwa wote waliozaliwa mwaka mmoja majina ya herufi moja, na mwaka wao ulikuwa wa U: dume Uzel, jike Urka.

"Huyu," mzee alisema akimpigapiga Uzel begani, "ni bunduki yenye miguu. Akinusa ndege anaganda mpaka kesho. Baba yake alichukua vikombe mpaka kabati likajaa. Na huyu..." Akamsukuma Urka kwa ncha ya buti, kwa upendo. "Huyu ni mla siagi. Pua anayo, sikatai. Lakini anapenda watu kupita kiasi. Ukikaa chini tu umekwisha, anataka kupakatwa."

"Mmoja wao atakaa nyumba moja na Nevena, mjomba. Niache niwachunguze kwa njia yangu."

Akaanza na Uzel. Alimfinya katikati ya vidole vya mguu. Uzel akauvuta mguu na kumkazia macho. Akamvuta sikio. Akamwondolea bakuli katikati ya kula. Taya za Uzel zikafunga, mgongo ukawa mgumu kama ubao.

"Binti, unanunua mbwa au unaajiri yaya?" mzee alicheka.

"Yaya mwenye pua."

"Basi mwulize na vyeti vya shule!"

Rozenn hakucheka. Alimfanyia Urka vilevile. Urka alipofinywa alilia kidogo, akaulamba mkono uliomfinya, kama anayedhani wamekosana kwa bahati mbaya.

Mzee, kwa kuuchoka mchezo huo, alitoa kipande cha galeti mfukoni akakirusha katikati ya mbwa wake. Labda alitaka kuwapongeza. Uzel alikuwa juu ya dada yake kabla kipande hakijatua. Hawakubweka. Ulikuwa ugomvi wa kimya, na kimya hicho ndicho kilichomtisha Rozenn. Uzel alimshika sikio akamtikisa kama anayekung'uta gunia. Urka akapinduka, damu ikaruka ikachora ukuta wa chokaa. Mzee akamwaga ndoo ya maji. Haikusaidia. Akanyakua mpini wa jembe akamtwanga Uzel mgongoni, mara tatu, mara nne, mti ukilia juu ya mifupa, mpaka taya zikaachia.

"Shetani wewe! Shetani!" Mzee alikuwa anahema. "Hajawahi kufanya hivi, binti. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Rozenn alikwisha kupiga magoti. Urka alikuwa amejibanza kwenye kona, sikio limepasuka vipande viwili, anatetemeka mwili mzima. Kumnyooshea mkono mbwa aliye katika hali hiyo ni upumbavu, na Rozenn alilijua hilo. Alinyoosha hata hivyo, kwa kuwa swali alilokuja nalo lilikuwa hilohilo. Urka aliunusa mkono. Kisha akaweka kidevu juu ya kiganja, na damu ikateremka ikaingia ndani ya sweta.

"Nimechagua," Rozenn alisema.

Siku ya kwanza Nevena alipanda juu ya meza akakataa kushuka mpaka chakula cha jioni. Rozenn alikuwa ameweka kizuizi cha mbao mlangoni, kati ya jikoni na chumba cha kufulia, Urka upande ule, mtoto upande huu. Hakumlazimisha. Alipika, aliimba, alimwita mbwa kwa jina lake, akamwacha mtoto atazame.

"Nani kamng'ata sikio?" Nevena aliuliza wiki ya pili, kutoka juu ya kiti.

"Kaka yake."

Mtoto akagusa shavu lake. "Alilia?"

"Alilia sana."

Nevena akafikiri. Kesho yake aliketi sakafuni, hatua tatu kutoka kwenye kizuizi. Keshokutwa, mbili. Wiki ya tatu alipenyeza ukoko wa mkate wa siagi kati ya mbao, akauachia, akakimbia, akarudi kuchungulia kama umeliwa. Goulven aliyaona hayo kutoka mlangoni, buti moja mguuni, la pili mkononi, akaenda zake. Lakini Jumapili iliyofuata, mama yake alipokuja kukaa na mtoto, Goulven alichukua bunduki mbili kabatini.

"Haya," alisema. "Tumwone na msituni."

Ilikuwa Novemba, mwezi wa bekasi, ndege mnene wa rangi ya majani makavu na mdomo mrefu kama sindano ya kufumia, anayejilaza ardhini mpaka umkaribie kumkanyaga. Vichaka vya huko ni vizito, mbwa humwoni, kwa hiyo huvishwa kengele shingoni. Kengele ikilia, mbwa anatafuta. Kengele ikinyamaza, mbwa ameganda mbele ya ndege, na mwindaji husogea bila kupumua. Hakuna mtu wa huku anayekisikia kimya hicho moyo usimruke. Na hakuna anayefundishwa kukitilia shaka.

"Usipige chini," Goulven alisema walipoingia chini ya mialoni. "Mpaka uione anga nyuma ya ndege. Umesikia?"

"Nimewinda kabla hujanijua, bwana wangu."

"Hata akikupita usoni. Usipige chini."

"Nimesikia, padri. Nisali na rozari?"

Urka alifanya kazi kama aliyezaliwa humo. Kengele ilikwenda, ikarudi, ikazunguka, ikanyamaza. Rozenn alimkuta mguu mmoja wa mbele umekunjwa, sikio bovu limekaa upande, pua imenyooka kuelekea mzizi wa mti. Bekasi akatoka kwa kishindo cha mbawa, akapita juu ya matawi, anga nyeupe nyuma yake. Rozenn akapiga. Ndege akaanguka kama soksi iliyolowa. Urka akamleta mdomoni, unyoya hata mmoja haujavunjika, na akamweka kwenye kiganja cha Goulven, si cha Rozenn.

"Angalia anavyojipendekeza," Goulven alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Februari, tangu siku ya Rustan, Rozenn alimwona akicheka hadi machoni.

"Anajua nani hakumtaka."

Walipovuka kijito kengele ilinyamaza tena, ndani ya bonde lenye makangaga makavu ya urefu wa mtu. Ilikatika ghafla. Goulven akainua mkono: nenda wewe. Yeye akazungukia kushoto, ili ndege akiruka awe kati yao. Rozenn alisogea na bunduki mkononi, anatazama juu, anaitafuta anga. Ndivyo alivyofundishwa. Hakutazama chini.

Baadaye alikuja kujua kwamba siku moja kabla, kundi la wawindaji wa nguruwe mwitu walikuwa ng'ambo ya kilima. Walimvunja dume mmoja mguu wa nyuma, wakaifuata damu mpaka giza likawatupa, wakaenda kunywa wakisema atakuwa amekufa. Hakuwa amekufa. Alikuwa amelala ndani ya makangaga yale, na Urka, kilo kumi na sita, alikuwa ameganda hatua mbili mbele ya pua yake.

Rozenn alianza kusikia harufu, nzito, ya tope na uozo. Kisha makangaga yakafunguka. Nguruwe alimpata usawa wa goti akapandisha kichwa, na Rozenn akahisi paja likichanika kama kitambaa, bila maumivu bado, joto tu. Bunduki ikaruka miibani. Akaanguka kwa mgongo, na uzito wote wa mnyama ukamjia juu, chonge za njano zikitafuta tumbo. Alizishika nywele ngumu za shingo kwa mikono miwili akasukuma. Ilikuwa kama kusukuma gari.

Ndipo Urka alipoingia. Alimrukia nguruwe sikioni akauma, akaning'inia. Nguruwe akatikisa kichwa, mbwa akarushwa huku na huku, kengele ikilia kama kichaa, hakuachia. Nguruwe akainamisha kichwa na kuchota kwa chonge. Urka akapiga ukelele. Hakuachia.

"Goulven! Piga!"

Alimwona. Hatua sita, bunduki begani, mitutu yote miwili imeelekezwa. Uso mweupe kama karatasi.

"Piga!"

"Siwezi! Mbwa yuko... mko chini, siwezi!"

"Piga, Goulven!"

Akaitupa bunduki. Rozenn aliliona hilo na hakulielewa. Mumewe alikuja mbio, akachomoa kisu kiunoni, akajirusha juu ya mgongo wa nguruwe kama mtu anayejirusha mtoni, akachoma. Kisu kikagonga mfupa kikateleza. Akachoma tena, nyuma ya bega, mpaka mpini, akakizungusha. Nguruwe akalia sauti iliyofanana na ya mtu. Goulven naye alikuwa analia. Anachoma analia, anachoma analia, muda mrefu baada ya miguu ya mnyama kuacha kupiga mateke.

Rozenn alijivuta kutoka chini ya mzoga. Damu ya pajani ilikuwa inatiririka lakini hairuki, alijua tofauti. Akavua mkanda akaukaza juu ya kidonda, meno yakimgongana. Urka alikuwa amelala ubavu, tumbo limechanwa kutoka mbavuni hadi karibu na paja, na kitu laini cha samawati kinachungulia.

Goulven alivua skafu, akapiga magoti. "Tulia, mama. Tulia, tunakufunga tu," alimwambia mbwa, akaikandamiza skafu juu ya jeraha.

Urka akageuza kichwa akamng'ata. Meno yaliingia kati ya kidole gumba na cha shahada, yakakutana katikati ya nyama. Goulven akapiga yowe, akavuta mkono, ngozi ikachanika. Walitazamana, mtu na mbwa. Urka alikuwa bado amevuta midomo, ufizi umempauka, ngurumo nyembamba inamtoka kooni.

Goulven akasimama. Akaenda hadi bunduki yake ilipoanguka, akaiokota.

"Goulven."

"Tulikubaliana."

"Weka chini."

"Mara moja, nilisema. Ukakubali kwa mdomo wako. Leo mimi, kesho Nevena." Damu ya mkono wake ilikuwa inateremka kwenye mtutu.

Rozenn hakuwa na nguvu ya kusimama. Basi alilala. Alijilaza juu ya mbwa, uso wake kando kabisa ya meno yale, mkono umeikandamiza skafu. Ngurumo ya Urka ilimpita kwenye mbavu.

"Nguruwe alikuwa juu yangu hukupiga," alisema. "Risasi mbili unazo, hatua sita, mkeo yuko chini, hukupiga. Sasa huyu mwenye matumbo nje ndiye unayemweza?"

"Ondoka hapo, Roz."

"Kwa nini uliitupa bunduki?"

"Ondoka, nimesema!"

"Umewinda miaka ishirini. Sijawahi kukuona ukitupa bunduki. Niambie kwa nini, kisha utupige wote wawili ukipenda."

Goulven aliishusha mitutu.

"Rustan," alisema.

"Rustan nini?"

"Nilimpiga mimi."

"Najua ulimpiga. Mtoto aliona."

"Siyo uani. Asubuhi ile. Huku." Akayaonyesha makangaga kwa kidevu. "Bekasi alitoka chini, kwenye makangaga kama haya. Nikapiga chini. Marisau yakamwingia ubavuni na kiunoni. Hakulia, Roz. Alinitazama tu. Nikaona damu ni kidogo, nikampangusa kwa majani, nikasema yatatoka yenyewe. Nikamleta nyumbani. Nikakaa kula."

Kwa watu wa bekasi hakuna aibu inayoizidi hiyo. Mtu anaweza kuiba kuni za jirani, anaweza kufumaniwa, na bado baa ya kijiji ikampisha kiti. Aliyempiga mbwa wake mwenyewe kwa kupiga chini hapewi mkono. Rozenn alilijua hilo, na akajua pia kwamba ndilo lililonunua kimya cha miezi tisa. Akamwona tena mwanawe chini ya meza, mikono midogo imezunguka kiuno kilichojaa marisau, kichwa kimeegemezwa palepale penye moto.

"Ulijua," alisema. "Nilipokuwa nimemshika kichwa anashonwa, wewe ulijua."

"Nilijua nilipokuwa namburuta."

"Njoo hapa."

Akaja. Akapiga magoti mbele yake. Labda alidhani atakumbatiwa. Rozenn alimpiga ngumi ya mdomo kwa nguvu zote zilizombakia, akausikia mdomo ukipasuka juu ya meno. Akampiga ya pili. Goulven hakujikinga.

"Sasa mfunge Urka mdomo kwa kamba ya buti, taratibu, uache pua wazi," Rozenn alisema. "Umbebe mpaka garini."

"Na wewe?"

"Nitatembea."

"Huwezi kutembea."

"Mbebe mbwa, Goulven."

Alizitoa risasi kwenye bunduki ya mumewe, akazitupa kijitoni, akaishika bunduki tupu kama mkongojo. Walitoka bondeni hivyo, mwanamume mbele na mbwa kifuani, damu zao zikichanganyika juu ya fulana ya rangi ya chungwa, mwanamke nyuma, anaanguka na kuinuka, hataki kushikwa.

Daktari wa mifugo alimshona Urka kwa saa mbili. Hospitalini Rozenn na Goulven walishonwa chumba kimoja, kitanda kwa kitanda. Muuguzi aliwatazama, mmoja paja, mwingine mkono na mdomo.

"Makubwa haya! Nani kashinda?"

"Mbwa," Goulven alisema kwa mdomo uliovimba.

Rozenn hakumsamehe siku hiyo, wala wiki hiyo. Alihamishia mto wake chumbani kwa Nevena. Masharti sasa yalikuwa yake, na sharti lilikuwa moja tu.

"Utamwambia mtoto."

"Ana miaka minne, Roz. Ataelewa nini?"

"Kwa miezi tisa anaamini mbwa hung'ata bila sababu. Imani hiyo umempa wewe. Nenda ukamwondolee."

Urka alirudi siku ya tisa, tumbo limenyolewa, amevishwa kifulana cha pamba ili asilambe mishono. Alijilaza taratibu nyuma ya kizuizi. Nevena aliketi sakafuni upande wa huku, magoti kifuani. Goulven akaja akakaa karibu naye, mkono wenye bandeji juu ya paja. Rozenn alibaki karibu na jiko, ameegemea gongo.

"Nevena. Siku ile, Rustan alikuwa anaumwa." Goulven aligusa ubavu wake mwenyewe. "Hapa. Baba ndiye aliyemwumiza, kwa bunduki, msituni. Sikukusudia. Lakini nikanyamaza, sikumwambia mtu. Wewe hukujua, ukamkumbatia palipouma. Hukukosea. Rustan naye hakukosea. Ni baba."

Rozenn alitaka kusema neno la kumsaidia mmoja wao, hakujua yupi.

"Ulimwambia pole?" mtoto aliuliza.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

Nevena hakushangaa, kuogopa alikujua vizuri. Akapenyeza kidole kati ya mbao.

"Huyu anaumwa wapi?"

"Tumbo."

"Na sikio?"

"Sikio limepona."

"Na mgongo?"

"Mgongo hauumi."

"Na hapo, katikati ya macho?"

"Hapo hapaumi kabisa."

Nevena akasimama akafungua komeo, ambalo alikuwa hajawahi kuligusa. Mkono wa Goulven usio na bandeji uliruka kumzuia; Rozenn akamtikisia kichwa, mkono ukashuka. Mtoto akachuchumaa, akanyoosha kidole kimoja, akakiweka katikati ya macho ya mbwa, akakiacha hapo. Urka akafumba macho.

"Pole," Nevena alimwambia. Kisha, bila kugeuka: "Baba, njoo umwambie na wewe."